GHARAMA YA KUMSOMESHA TABIBU NI JUU YA NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Elimu ya utabibu ni fardhi kifaya. Wakipatikana katika mji matabibu wa kutosha, dhambi huwaondokea wote. Wasipopatikana, hupata dhambi kila mwenye uwezo aliyeacha. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitaja fardhi hii katika Ihya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi, na hali miji mingi haina tabibu Mwislamu.

Leo watu huilalamikia elimu hii kwa mambo mawili: urefu wake na gharama yake. Ama urefu, hauna lawama. Katika Tanzania mwanafunzi husoma miaka 5, na katika Kenya miaka 6. Kisha hufanya kazi mwaka 1 chini ya matabibu wakubwa. Atakaye ubingwa huongeza miaka 3 au zaidi. Mtume s.a.w. amefundisha ya kwamba atibuye watu naye hajulikani kwa utabibu, ni juu yake kulipa alichoharibu. Basi roho za watu si kitu cha kujifunzia kwa haraka.

Ama gharama, hapo ndipo penye swali. Maskini ana kijana hodari, na ada, vitabu na chakula cha miaka hiyo vyamshinda. Watu husema, “Mtoto ni wake, na auze shamba.” Neno hili si sawa. Fardhi ni ya mji mzima. Vipi mti aumwagilie mmoja, na kivuli wakae wote?

Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo, katika Misri, mwaka 1284, aliiwekea wakfu, wagonjwa watibiwe bila ya malipo, na mkubwa wa matabibu apate mahali pa kusomesha. Nasi pwani twajua wakfu wa misikiti na visima. Wa wanafunzi wa utabibu u wapi?

Pengine atasema msemaji, “Akisha kusoma atakwenda zake Ulaya.” Dawa yake ni sharti: kabla ya kupokea mali, aahidi kuutumikia mji miaka maalumu, na mji uahidi kumpa ujira wa haki. Waislamu hushika masharti yao.

Kumsalia maiti na kumzika nako ni fardhi kifaya, na watu huja kwa mamia wakipokezana jeneza. Kumtafutia tabibu alipokuwa hai kulikuwa fardhi kama hiyo. Je, siku ile walikuja wangapi?