Mwalimu, Naomba Kwenda Nje

Katika darasa lo lote la kisiwa chetu cha Unguja, liwe la Mjini au la shamba, hapana maneno yanayosikika mara nyingi kuliko haya: "Mwalimu, naomba kwenda nje." Huyasema mtoto aliyebanwa, huyasema aliyechoshwa na hesabu za sehemu, na huyasema pia yule aliyeona tangu asubuhi kwamba embe za jirani zimewiva. Mwalimu anayetazamana na watoto sitini hana nafasi ya kufanya uchunguzi. Akimruhusu kila mwenye kuomba, nusu ya darasa itahamia uani. Akikataza, huenda amemkataza yule ambaye kweli hawezi kungoja. Basi wengi wetu hulichukua jambo hili kuwa ni la nidhamu tu, la mwalimu mkali na mwalimu mpole, likaishia hapo. Mimi naona liko swali kubwa zaidi ndani yake: mtoto asemapo habari za mwili wake mwenyewe, je, ana haki ya kuaminiwa?

Tuanze na kichocho, kwa kuwa ni maradhi tuliyoishi nayo visiwani humu tangu zamani. Wadudu wake hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yao hutoka pamoja na mkojo. Mkojo ukiingia katika kijito au bonde la mpunga, mayai yale huanguliwa, na vinavyotoka humo huingia katika konokono wadogo wa maji baridi. Baada ya majuma kadhaa hutoka tena vidudu vingine visivyoonekana kwa macho, vikatoboa ngozi ya mtoto mwingine aliyeingia majini kuoga, kufua au kucheza. Ndiyo maana kichocho kimekuwa zaidi cha kaskazini na katikati ya Unguja, penye vijito na mabonde, kama Kinyasini na Chaani, kuliko kule kusini kwenye ardhi ya mawe ambako maji hayatuami. Asipopata dawa, miaka ikipita, kibofu na figo za mgonjwa huharibika, hata saratani ya kibofu huweza kufuata; na kwa wasichana maradhi haya huweza kushika sehemu za uzazi.

Sasa mtazameni mtoto huyu darasani. Kichocho humfanya akojoe mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa maumivu, na mwisho wa mkojo hutoka damu. Saa mbili anaomba kwenda nje. Saa tatu kasoro robo anaomba tena. Saa tatu na nusu ameinua mkono mara ya tatu, na darasa zima linacheka. Kwa mwalimu, dalili ya ugonjwa wake na dalili ya utegaji ni kitu kimoja. Na ukimwuliza mbele ya wenzake, "Unaumwa nini wewe?", hatasema. Pengine anaona haya. Pengine hajui kwamba ni ugonjwa, maana katika nchi nyingi zenye kichocho wavulana wamedhani kwamba kukojoa damu ni sehemu ya kukua, jambo linalompata kila mtu. Sisi tuliosoma zamani twakumbuka jinsi ombi la tatu lilivyojibiwa: kwa bakora.

Yako maradhi mengine yanayojificha nyuma ya ombi hilo hilo. Mtoto mwenye kisukari hunywa maji mengi na kutoka mara nyingi kabla ye yote nyumbani hajajua ana nini, na asipotibiwa kwa insulini hufa. Mtoto mwenye selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, figo zake haziwezi kuyazuia maji kama za wengine, kwa hiyo hana budi kunywa sana na kutoka sana. Akinyimwa maji, au akipigwa na baridi, au akikimbizwa uwanjani kupita kiasi, huweza kushikwa na maumivu ya mifupa makali mno. Msichana aliyeanza hedhi naye ana sababu yake ambayo hawezi kuitangaza. Hawa wote wana sentensi moja tu ya kusema, na ni ile ile anayoisema mwenye kufuata embe.

Wako watakaosema: mtoto ni mtoto, neno lake halina uzito wa ushahidi. Hapo nina kisa cha kuwaeleza, kilichotokea Bara, wilayani Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti walitaka kujua ni skuli zipi katika wilaya nzima zilizokuwa na kichocho kingi. Njia iliyojulikana ilikuwa kupeleka wataalamu na hadubini skuli moja baada ya nyingine, kazi ya muda mrefu na gharama kubwa. Wao wakatuma karatasi za maswali kwa njia ya idara ya elimu, na walimu wakawauliza watoto ni maradhi gani yaliyowapata, kichocho na mkojo wa damu vikiwa katikati ya orodha ya maradhi mengine. Kisha mikojo ilipopimwa, na walimu wenyewe walifunzwa kupima kwa vijiti vinavyogeuka rangi vikigusa damu, ikaonekana kwamba majibu ya watoto yalizitambulisha vizuri skuli zenye hatari na zisizo na hatari. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na njia hiyo ikajaribiwa kwingine Afrika, zikiwemo Zambia na Zimbabwe. Watoto waliulizwa kwa upole, wakajibu, na majibu yao yakaokoa fedha na muda.

Lakini tusiifanye hoja hii kuwa na nguvu kuliko ilivyo. Mtu makini atajibu kwamba Kilosa waliaminiwa watoto kwa jumla, si huyu au yule. Watoto mia wakiulizwa, waongo wachache hawaharibu hesabu. Mwalimu wa darasa la tano hana watoto mia wanaomwomba kwa pamoja. Anaye mmoja, mbele yake, na mmoja huyo aweza kuwa ndiye mwongo. Ni kweli. Hesabu haiwezi kumwambia mwalimu amwamini nani.

Tena hesabu ina hatari yake. Kuanzia mwaka 2012 Zanzibar ilianza juhudi kubwa ya kukiondoa kichocho kabisa, kwa kugawa vidonge vya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka maskulini na majumbani, kwa kuwaua konokono katika baadhi ya maji, na kwa mafundisho. (Kabla ya hapo watoto wa Unguja walikwisha kusomeshwa kijitabu cha picha kiitwacho Juma na Kichocho.) Ziko skuli ambako zamani nusu ya watoto walikutwa na ugonjwa, siku hizi katika shehia nyingi ni wachache sana. Malaria nayo imeshuka mno tangu dawa mpya zilipoanza kutumika mwaka 2003, vikafuata vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani. Tunashukuru. Lakini angalieni linalofuata: mwalimu anayeamini kwa kukadiria tu, kadiri maradhi yanavyopungua ndivyo na imani yake inavyopungua. Zamani alifikiri, "Huenda ni kichocho, wengi wanacho." Leo atafikiri, "Kichocho kimekwisha, huyu anatega." Na yule mtoto mmoja aliyebaki nacho, kwa kuwa amebaki peke yake, atakuwa na wa kumwamini wachache kuliko kaka yake miaka ishirini iliyopita. Mwenye selimundu ndivyo alivyo siku zote. Jumatatu analia kwa maumivu, Jumatano anacheza mpira, na watu husema, "Si mlimwona?" Hapa Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na maradhi haya kila mwaka, nao wametawanyika mmoja mmoja madarasani.

Kwa hiyo nadhani kumwamini mtoto si jambo la kukisia uwezekano tu. Ni deni. Maumivu hayana shahidi mwingine ila mwenye nayo. Mtu mzima akisema, "Tumbo linanisokota," hatumwambii atuletee ushahidi, twampisha njia. Heshima hii twaidai sote, na sioni kwa nini mtu aipate siku anapotimiza miaka kumi na minane na si kabla. Hata tukipima kwa hasara, mizani hailingani: mwalimu akidanganywa amepoteza dakika kumi za kipindi, mtoto mgonjwa asipoaminiwa hupoteza figo, na hupoteza kitu kingine ambacho hakipimwi hospitali, maana hujifunza kwamba kusema hakuna faida. Mtoto wa namna hiyo hata nyumbani hatasema tena. Mama yake atakuja kujua siku ya kubebwa.

Kuamini lakini si kuruhusu tu. Iko habari ya yule mtoto wa mwanamke Mshunami, aliyemfuata baba yake shambani wakati wa mavuno akalalamika kichwa. Baba hakumkemea wala hakumwita mwongo. Alimwamuru mtumishi ampeleke kwa mama yake, naye akabaki na wavunaji. Mtoto akakaa mapajani mwa mama hata adhuhuri, akafa, mpaka Elisha alipokuja. Kila ninapoisoma habari hii namfikiria yule baba. Alimwamini mtoto, lakini kuamini kwake kuliishia katika kumwondoa pale alipo. Ndiyo dawa ya skuli zetu nyingi hadi leo: "Mwambie mwenzako akusindikize nyumbani." Nyumbani mama yuko sokoni au yuko baharini na mwani wake, na mlango una kufuli.

Misheni yetu ilipoanza hapa mwaka 1864 haikuwa na njia hiyo. Wanafunzi wa kwanza wa Askofu Tozer walikuwa wavulana watano waliotolewa utumwani, waliopewa na Sultani, na waliofuata Kiungani na Mbweni wengi walishushwa kutoka katika majahazi ya watumwa. Hawakuwa na mama wa kupelekewa. Mmoja akiugua, waliomfundisha ndio waliomwuguza. Sisemi walimu wa leo wageuke wauguzi. Nasema tu kwamba skuli haikuzaliwa na desturi ya kumtoa mgonjwa mlangoni na kuona kazi imekwisha.

Na wazazi nao tumo. Mwaka 2008, katika mkoa ule ule wa Morogoro, vidonge vya kichocho na minyoo viligawiwa maskulini, na watoto wengi walivimeza bila kula. Dawa hii ikiingia katika tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mwenye wadudu wengi; ni shida ya kupita, lakini inatisha. Watoto wakasema wanaumwa, na walisema kweli. Wazazi, ambao hawakuelezwa vya kutosha, wakadhani watoto wao wamepewa sumu, wakazivamia skuli kwa hasira, na ugawaji ukasimamishwa. Pale mtoto aliaminiwa sana na mkubwa hakuaminiwa hata kidogo, na lawama siwezi kuiweka yote juu ya wazazi. Aliyetaka kumpa mtoto wa mtu dawa alipaswa kwenda kwanza kumweleza baba na mama dawa ni ya nini, italeta nini, na kwamba uji utangulie. Nasi kwa upande wetu, ni wangapi tumekwenda kumwambia mwalimu kwamba mtoto wetu ana selimundu au kifafa? Twaficha, twaogopa jina la ukoo na posa za baadaye, kisha twamlaumu mwalimu kwa kumkimbiza mtoto juani. Katika mikutano ya wazazi niliyohudhuria tumezungumza madawati na michango hata jua likachwa. Sijasikia mtu akiuliza nani darasani anahitaji chupa ya maji mezani.

Limebaki lile tatizo la mwenye kufuata embe, maana sikulisahau. Sidhani kwamba dawa yake ni kuuliza kwa ukali zaidi, kwa sababu mwongo hujibu maswali ya ukali vizuri kuliko mgonjwa. Amekwisha kuyatayarisha majibu yake. Afadhali mtoto asiulizwe cho chote mbele ya watu. Kitundikwe kibao kimoja karibu na mlango wa darasa. Anayetaka kutoka akichukue kimya kimya, akirudi akitundike, na mwingine asitoke mpaka kirudi. Na mwalimu akubali kwamba embe chache zitapotea. Baada ya juma moja ataona mwenyewe ni mkono upi unaokichukua mara nne kwa asubuhi moja. Huyo amwite pembeni kipindi kikiisha, wakiwa wawili tu, na akiwa ni msichana aitwe na mwalimu wa kike, aulizwe taratibu lile swali la Kilosa: je, umepata kuona damu katika mkojo wako? Akisema ndiyo, barua iandikwe siku ile ile kwa mzazi wake, na mwalimu aulize kesho yake kama walifika kituo cha afya.