Anayesinzia ni mvivu?

Kijana mmoja wa Nsambya alikuwa anasinzia darasani kila asubuhi. Nikamwita mvivu, nikafuta jina lake. Kumbe usiku analinda duka, mchana analala chumba kimoja na wadogo zake wanaocheza.

Mwili una saa yake. Mwanga ukiingia machoni, ubongo unapunguza melatonini, homoni ya usingizi. Giza likiingia inapanda. Hapa Kampala, karibu na ikweta, jua linachomoza karibu saa moja mwaka mzima. Yeye anatoka kazini saa hiyohiyo: amechoka, lakini jua linamwambia amka.

Je, ni haki kumhukumu mtu kwa saa ambazo hakuzichagua? Mimi nilikosea. Nimemrudisha, na darasa sasa ni saa kumi jioni. Ndugu unayepanga mikutano ya asubuhi, uliza kwanza: huyu amelala saa ngapi?