Neno Lililotolewa na Bei Iliyobadilika

Soma Zaburi 15:4 na Mambo ya Walawi 25:14–17.

Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo kwa mbaazi zinazotoka nje, bei iliporomoka kwa wakulima wa Tanzania, Babati ikiwamo. Chukulia mnunuzi wa Maisaka aliyekwisha kupatana bei nzuri na mkulima, kwa mdomo tu, bila karatasi. Je, aseme, “Soko limebadilika”? Mtunga zaburi humsifu mtu ashikaye kiapo chake hata kwa hasara. Neno linalodumu wakati wa faida tu si ahadi.

Sasa geuza hali hiyo. Mkulima, akibanwa na njaa, aliuza mbaazi zikiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Kisha bei ikapanda. Mkataba uko upande wa mnunuzi. Lakini Mungu aliagiza bei ya shamba ifuate idadi ya mavuno yaliyobaki, mtu asimpunje ndugu yake. Mkulima alete magunia aliyoahidi. Mnunuzi naye, bila kulazimishwa, aongeze bei. Ahadi humfunga aliyeitoa. Si kamba ya kumkaba mwenye shida.

Jadilini: Ni mapatano gani uliyonayo sasa ambayo ni halali, lakini yanamwonea mwenzako? Utafanya nini kabla ya Sabato ijayo?