Mbwa Mchanga Hafungwi Peke Yake



Mwezi huu naomba twende mbali, mpaka Alaska, kaskazini kabisa ya Marekani. Huko tangu zamani watu husafiri wakati wa baridi kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu liteleazalo juu ya theluji, likivutwa na mbwa. Msicheke. Kanisa letu nalo limepita njia hiyo. Kasisi Hudson Stuck, mzaliwa wa London, alifika Alaska mwaka 1904, akawa akiwatembelea Wakristo wa huko kwa sleji, maelfu ya maili, na huko ndiko alikofariki mwaka 1920.

Majani yanapoanza kupukutika na theluji haijaanguka, wenye mbwa huanza kuwafundisha wale wachanga. Kwa kuwa theluji haipo, huwavutisha gari la magurudumu, tena asubuhi na mapema, maana joto humdhuru mbwa anayevuta. Safari za kwanza ni fupi. Mwalimu mzuri husimamisha gari mbwa mchanga akiwa bado anataka kukimbia, asije akaichukia kazi. Na mara nyingi humfunga ubavuni mwa mbwa mzee aliyezoea. Mchanga hutafuna kamba, hugeuka nyuma, hutaka kumfukuza ndege. Mzee hambwekei, yeye huvuta tu, na kamba ikikaza mchanga naye hufuata.

Ninyi mnaolima kwa maksai mnalijua jambo hili. Bwana wetu alipowaita waliolemewa (Mathayo 11), hakuwapa kukaa bure, aliwapa nira yake. Nira ni ya shingo mbili. Fikirini basi ni nani aliye upande wa pili.

Alikuwako mbwa aliyeitwa Togo, wa Leonhard Seppala. Alipokuwa mdogo alikuwa mgonjwa-mgonjwa na mtundu mno. Bwana wake akamgawa. Mbwa akavunja kioo cha dirisha akarudi nyumbani. Akawa akiwasumbua wenzake njiani, hata Seppala akaona heri amfunge mikanda pamoja nao. Mara akatulia, akavuta. Mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo ulipoingia mji wa Nome, dawa ilipelekwa kwa kupokezana sleji, safari ya kilomita 1,085 hivi. Togo, mzee wa miaka 12, ndiye aliyeongoza kundi katika kipande kirefu kuliko vyote.

Nasimulia haya kwa sababu nina deni. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, kijana mmoja mwenye akili nyingi alipangiwa shule ya mbali, peke yake. Aliniandikia barua mbili. Ya kwanza niliijibu kwa mistari mitatu ya kumhimiza awe hodari. Ya pili sikuijibu. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi, na sikumwona tena. Nilizoea kusema hakuwa na wito. Siku hizi sisemi hivyo.

Marko naye aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, akarudi Yerusalemu. Paulo hakutaka kumchukua tena, na sisi walimu huwa upande wa Paulo upesi sana. Barnaba akamchukua, wakapanda merikebu pamoja kwenda Kipro. Miaka baadaye ni Paulo huyo huyo aliyemwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa.

Sasa, vijana wetu waliowekewa mikono na Askofu wako wapi? Nasikia wazee wakinung'unika nje ya kanisa kwamba wamepotea. Lakini ni nani kati yetu aliyekaa nao benchi moja? Mimi nimemwomba Kasisi anipe jina la mmoja. Amenipa. Nyumba yao iko ng'ambo ya mto, na Jumamosi, miguu ikiniruhusu, nitakwenda kumpigia hodi.