Nusu ya Pili ya Waraka

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nimeutafakari sana usemi huu, na swali linalonisumbua ni hili: nusu ya pili ni wajibu wa nani, hasa baina ya watu ambao nchi zao zimetoka kuuana?

Tuchukue mfano wa wanamantiki wawili. Bertrand Russell alikuwa Mwingereza. Ludwig Wittgenstein, aliyekuwa mwanafunzi wake Cambridge, alitoka Austria. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wittgenstein alijiunga kwa hiari na jeshi la kwao. Russell alivipinga vita hivyo, akaachishwa kufundisha mwaka 1916, na mwaka 1918 akatiwa gerezani. Mwaka 1919 mwanafunzi naye alikuwa mateka huko Cassino, Italia, akiwa na mswada wa kitabu chake cha mantiki. Kutoka kambini alimwandikia mwalimu wake, na mswada ukafika Uingereza kwa msaada wa John Maynard Keynes.

Lakini barua hazikutosha. Russell aliuliza, Wittgenstein alijibu kwa mkato, akihuzunika kuwa hakueleweka. Ndipo Desemba 1919 wakakutana The Hague, katika Uholanzi ambayo haikuwa na upande vitani, wakaupitia mswada kwa makini. Wittgenstein alikwisha kuugawa urithi wake wote, hana nauli. Russell akanunua samani alizokuwa ameziacha Cambridge.

Jambo hilo dogo ndilo linalonigusa. Hakumpa sadaka; alinunua, na mwenzake akasafiri bila kuinamisha kichwa.

Pengine msomaji atasema: hao walikuwa marafiki, wajibu uko wapi? Ni kweli, lakini urafiki haukuwapatanisha katika fikra. Russell alipoandika utangulizi wa kitabu, Wittgenstein aliukataa. Hata hivyo kitabu kilitoka mwaka 1921 pamoja na utangulizi huo, na mwaka 1922 kikachapwa London.

Basi naona kwamba tunachodaiwa na mtu wa upande wa pili si kukubaliana naye. Tunadaiwa kumsikiliza mpaka mwisho, na kumwondolea kinachomzuia kufika. Mantiki haihitaji pasi wala nauli. Mwanamantiki anavihitaji vyote viwili, na mara nyingi mwenye navyo ni yule aliyeshinda vita.