Ingia Kati, Mzazi!

Unasema huna muda wa mazoezi kwa sababu una watoto.

Rudia tena, polepole, ujisikie.

Watoto! Hawa wanaoamka wakikimbia na kulala wakiwa bado wanabishana nani alikuwa wa kwanza kufika, ndio unaowasingizia kwamba wamekufanya usitikisike? Wewe umejilaza kwenye kochi, simu mkononi, unapaza sauti: "Tulieni!" Kwa nini watulie wao? Kwa nini usiinuke wewe?

Wewe huyu ndiye uliyecheza kombolela mpaka magharibi. Mama akakuita mara tatu, bado ukaomba mzunguko mmoja wa mwisho. Nani alikulipia kocha? Nani alikununulia raba? Pumzi zile hazijafa.

Zimelala. Na wewe ndiye unayezibembeleza zisiamke.

Hujui uanzie wapi? Anzia kwenye rede. Tafuta chupa tupu ya maji, kusanya mchanga, funga mpira wa soksi kuukuu. Watoto wawili wasimame huku na huku, wewe ingia kati. Kazi yako ni kuijaza chupa mchanga huku wao wanakulenga. Sasa tazama unachokifanya: unachuchumaa, unateka mchanga kwa kiganja, unaruka, unapinda kiuno, unachomoka, unarudi kuchuchumaa tena. Kuna watu wanalipa ada kila mwezi ili waambiwe wafanye hayo hayo mbele ya kioo. (Sina ugomvi na jimu. Nina ugomvi na anayesubiri apate ada ya jimu ndipo aanze.) Dakika tano tu utahema, jasho litakutoka, na watoto watakucheka.

Waache wacheke! Ni lini mara ya mwisho walicheka nawe badala ya kukunyamazia?

Majirani watasemaje? Mama mzima, kanga kiunoni, anakwepa mpira wa soksi uani!

Waseme. Ndio watakaokumezea vidonge vya presha?

Huna nusu saa? Nani kakuomba nusu saa? Zamani Shirika la Afya Duniani lilishauri mazoezi ya mtu mzima yafanywe kwa vipande visivyopungua dakika 10. Mwaka 2020 sharti hilo likaondolewa. Kila dakika inahesabiwa! Linalotakiwa ni jumla ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, ile inayokufanya uheme lakini bado unaweza kuongea. Gawa hizo 150 kwa siku saba. Hazifiki 22 kwa siku. Na mwanao wa miaka 5 hadi 17? Yeye anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku, na hizo atazipata wapi akiwa amekaa kitako pembeni yako anatazama katuni?

Umesimama kwenye daladala kutoka Kariakoo hadi Mbagala, umefika saa mbili usiku, miguu inawaka moto. Naelewa. Siku hiyo weka wimbo mmoja tu, ucheze nao sebuleni mpaka uishe. Umeme umekatika? Imbeni.

Una mtoto wa mwaka mmoja? Huyo ana kilo tisa au kumi hivi. Mkumbatie kifuani, chuchumaa, inuka. Ataomba tena na tena. Wewe ndiye utakayechoka kwanza. Una tatizo la moyo, au u mjamzito? Muulize daktari kwanza, kisha urudi. Usiyafanye maradhi kuwa kochi jingine.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi nchini, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Jumamosi zote zile ulizipeleka wapi? Beba watoto nenda Coco Beach. Kimbizaneni kwenye mchanga laini, uone mapaja yatakavyokuuliza ulikuwa wapi siku zote. Uko mbali na bahari? Kiwanja cha shule kipo. Uchochoro upo.

Wewe je, upo?

Mwanao ana miaka saba. Anakuvuta mkono: "Baba, njoo tucheze." Unamwambia kesho. Unamwambia Jumapili. Unamwambia mwisho wa mwezi. Unadhani akifika miaka kumi na tano bado atakuwa anakuvuta mkono? Atakuwa na rafiki zake, na simu yake, na mlango wake wa kufunga. Hapo utakuwa na muda tele, ila wa kucheza na nani?

Anakuvuta leo.

Leo!

Weka chini hiki unachokisoma. Inuka. Mwite kwa jina lake, kwa sauti, hadi mtaa usikie, umwambie alete mpira.