Umemwita mwanao Bukhari, umempa nini kingine?



Hivi karibuni nilialikwa kwenye akika ya mjukuu wa jirani yangu. Baba wa mtoto akatangaza kuwa mwanawe ataitwa Bukhari. Babu akakataa palepale: "Bukhari si jina la mtu, ni nisba. Mtoto huyu katoka Bukhara lini?" Ugomvi ukataka kuzuka mbele ya masinia ya pilau, nikaulizwa mimi mwalimu.

Mzee alisema kweli. Imamu Bukhari jina lake ni Muhammad bin Ismail, aliyezaliwa mwaka 194 Hijria katika mji wa Bukhara, ambao leo uko Uzbekistan. Imamu Shafii naye ni Muhammad bin Idris; Shafii ni nisba ya babu yake wa mbali. Sisi tumezichukua nisba hizo tukazifanya majina ya watoto kwa kuwapenda wanazuoni, hasa Shafii, kwani Waislamu wengi wa mwambao wetu wanafuata madhehebu yake.

Je, inafaa? Niliwajibu kuwa sioni ubaya. Lililokatazwa ni kumnasibisha mtoto na asiyekuwa baba yake, na Qur'an (33:5) imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Huyu ataitwa Bukhari bin fulani, na baba yake anajulikana. Mzee akaridhika, tukaomba dua, tukala.

Usiku ule nikamuuliza mwanangu wa miaka minane, ambaye mimi mwenyewe nilimpa jina la Shafii: "Unamjua Imamu Shafii?" Akajibu: "Ni babu yetu?" Niliona haya. Nasomesha watoto wa watu, na wangu sikumwambia jina lake limetoka wapi.

Ndugu zangu Waislamu, maimamu hawa wawili walifiwa na baba zao wangali wadogo. Mama zao ndio waliowalea na kuwaelekeza kwenye elimu, na imepokewa kuwa mama yake Shafii hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Sisi pesa ya tuisheni tunaitafuta mpaka inapatikana. Ya madrasa tunasema hali ngumu.

Jina zuri ni haki ya mtoto, na elimu ya dini yake ni haki vilevile. Mimi na Shafii sasa tunakaa kila siku baada ya Isha. Nimechelewa, lakini nimeanza. Nawe mwite mwanao umuulize.

Wabillahi tawfiq.